Mashavu ya Mtunza Stoo

Kitu cha kwanza Msumari alichokiona pale kwenye meza ya mochwari ni yale mashavu. Maiti nyingi alizowahi kuzitazama zilikuwa zimeingia ndani usoni, macho yamezama, mifupa imetokeza. Hii hapana. Mashavu ya duara, yamejaa, kama ya mtoto aliyeficha pipi mbili na anasubiri mwalimu apite. Na Msumari aliyajua. Miezi minane nyuma alikaa nayo chumba kimoja kwa saa tano nzima, akiyauliza sukari ya shule imekwenda wapi.

Marehemu alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, ile yenye geti la bluu. Wanafunzi walimbandika jina la Mashavu, likamganda, mpaka walimu nao wakaanza kumwita hivyo. Juzi asubuhi alikohoa damu kwenye beseni, akakata roho. Jana mchana kaka yake akaja kituoni na watu wanne, akisema shemeji yake, yaani mke wa marehemu, amemuua mdogo wake kwa vidonge na kipigo. Jana hiyo hiyo jioni mwanamke akatiwa ndani. Na leo saa kumi gari la mahabusu linaondoka. Akipanda lile gari, kumrudisha ni shughuli ya wiki sita, kwa sababu maabara kuu haijui haraka. Watoto wake wawili walishahamishiwa kwa baba mkubwa tangu jana, na kufuli la nyumba limeshabadilishwa.

Msumari alitazama saa ya ukutani. Saa tatu kasorobo.

Msumari si jina alilopewa na mama yake. Aliitwa hivyo na wenzake kwa sababu akishakugongea kesi, hata ukinengua kiuno kama nyoka, hutoki.

"Umechelewa, afande," alisema daktari wa maiti. Mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kipande cha bandeji nyuma ya kichwa isidondoke.

"Robo saa tu, mama."

"Huyu hana haraka. Mwenye haraka ni wewe. Haya, soma mashtaka yako moja moja, nikujibu."

Msumari alifungua kidaftari. "Kaka yake anasema alikuwa anapigwa. Ana mavilio ya damu mikononi, na tumboni ana alama za fimbo."

"Sogea. Usiogope, haumi." Daktari aliinua mkono wa marehemu. Mkono mwembamba, umejaa madoa meusi na ya kijani. "Jana nilibandika plasta hapa kushikilia kibandiko cha jina. Nilipoibandua, ikaondoka na ngozi. Ngozi ya karatasi ya sigara. Mtu wa hivi akigonga kona ya meza anavilia damu. Mke akimshika mkono kumwinua kitandani, anavilia damu. Hayo mashtaka futa."

"Na fimbo?"

Daktari alifunua tumbo. Tumbo kubwa, limetokeza kama la mjamzito, na pembeni mistari mipana ya zambarau, inashuka kutoka mbavuni hadi nyongani.

"Fimbo inapiga kutoka nje. Hii imechanika kutoka ndani. Tumbo limevimba haraka, ngozi ikashindwa kulifuata. Sasa angalia miguu."

"Myembamba."

"Mikono?"

"Myembamba pia."

"Nyuma ya shingo hapa, shika. Nundu ya mafuta. Afande, wewe una mke anayekupikia vizuri, inaonekana. Umenenepa wapi?"

Msumari alijishika kiuno bila kutaka. "Kila mahali."

"Eeh. Mtu akinenepa kwa kula, ananenepa kila mahali. Mapaja, makalio, mikono. Huyu kanenepa uso, shingo na tumbo tu, kwingine kakauka. Hii siyo shibe. Hii ni ugonjwa, tena unaonekana kutoka ng'ambo ya barabara kama mtu ana macho."

Kalamu ya Msumari ilisimama kidogo kwenye neno shibe, halafu ikaendelea.

"Kilichomuua?"

"Mapafu." Alivuta trei. Alipasua pafu la kulia mbele yake, na ndani kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo kumekaa dude la kijivu lenye rangi ya kijani kwa mbali, kubwa kama kokwa la embe. "Niliweka kipande chake kwenye hadubini jana. Nyuzi tupu, zinagawanyika kama matawi. Kuvu."

"Kuvu kama la mkate?"

"Ndugu yake wa karibu. Limekula pafu mpaka likafika kwenye mshipa wa damu. Ndiyo ile damu ya kwenye beseni."

"Sasa mtu anapataje kuvu kifuani? Alilishwa?"

"Alivuta, kama ninavyovuta mimi na wewe sasa hivi. Mbegu zake zinaruka hewani, ndogo kuliko vumbi. Zikiingia, askari wa mwili wanazizoa, mchezo umekwisha. Huyu askari wake walikuwa wamelala." Akachukua kichupa cha kioo, akakiinua kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na kitu cha njano kama yai la njiwa. "Na aliyewalaza ni huyu. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Kazi yake moja ni kutoa homoni inaitwa kotisoli. Ukikurupushwa na mbwa, inatoka. Ukiamka asubuhi, inatoka. Kidogo ni dawa. Tezi hii iliota uvimbe, ikawa inaimwaga usiku na mchana kama bomba lisilo na koki. Ndiyo iliyompa mashavu, tumbo, mistari, na ngozi ya karatasi. Na ikizidi hivyo, askari wa mwili wanapumbazwa. Mlango uko wazi, kuvu likaingia kama limekaribishwa."

"Kaka mtu ameleta vidonge." Msumari alitoa pakiti ndogo ya karatasi yenye muhuri wa zahanati. "Anasema mwanamke alikuwa anamlisha hivi kwa miaka mitatu, ili anenepe, amuue."

Daktari alisogeza pakiti karibu na miwani yake, akaguna. "Hivi ni vya pumu, dawa yake ni ndugu wa kotisoli. Na kweli, ukimpa mtu hivi kwa miaka mitatu atapata mashavu yale yale. Kaka mtu siyo mjinga sana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tazama huku." Kichupa cha pili. Ndani kulikuwa na kitu kimesinyaa kama ganda la ndizi lililosahaulika juani. "Hii ndiyo tezi ya upande wa pili. Ukimlisha mtu vidonge, mwili unasema, aah, kumbe naletewa, na tezi zote mbili zinanyauka kwa uvivu. Hapa imenyauka moja tu, kwa sababu mwenzake anafanya kazi ya wawili. Ugonjwa ulitoka ndani yake mwenyewe. Hakuna mke hapo."

"Basi andika hivyo, niende."

"Nitaandika. Lakini kaka mtu ana wakili, na wakili ataomba maabara kuu ihakikishe, na wewe unaijua maabara kuu. Mkuu wako wa kituo hawezi kumwachia mtuhumiwa kwa sababu ya kichupa changu. Watu hawaelewi matezi. Wanaelewa picha na tarehe. Niletee tarehe ya kidonge cha kwanza. Halafu niletee picha yake ya kabla ya tarehe hiyo. Kama kwenye picha mashavu yapo, vidonge vimekuja nyuma ya ugonjwa, mama wa watu analala kwake leo."

Zahanati ilikuwa hatua mia mbili kutoka sokoni, na foleni ilikuwa imefika nje kwenye mtaro. Msumari alipita pembeni, watu wakamtukana kimoyomoyo, mmoja kwa sauti. Tabibu alikuwa kijana mwenye macho mekundu, anaandika huku anasikiliza kifua cha mtoto.

"Namkumbuka," alisema alipoonyeshwa pakiti. "Mwandiko ni wangu. Kamwangalie kwenye rejista."

Msumari alipitisha kidole. Mara ya kwanza, wiki saba nyuma: kikohozi, dawa ya maji. Mara ya pili, wiki tano nyuma: kikohozi, homa, vidonge vya kuua wadudu. Mara ya tatu, wiki tatu nyuma kasoro siku moja: kifua kinabana, vidonge vya pumu. Kabla ya hapo, hakuna kitu. Akainakili tarehe ile, akamwambia tabibu asaini pembeni.

"Mara ya mwisho alikuja na nani?"

"Na mkewe. Alimbeba mgongoni kutoka stendi. Mtu wa kilo zile! Wagonjwa wengine walicheka."

"Vidonge hivi, daktari wa maiti anasema, vinawalaza askari wa mwili. Na wa huyu walikuwa wamelala tayari."

Tabibu aliacha kuandika. Mtoto akaanza kulia, mama yake akamnyamazisha.

"Afande, naona wagonjwa themanini kwa siku. Kipimo changu ni sikio hili. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, nikampa dawa ya filimbi."

"Na uso? Uso hukuuona?"

"Niliuona." Tabibu alifuta jasho kwa kiwiko. "Mashavu yale, tumbo lile. Nikamuuliza kazi yake. Akasema mtunza stoo. Nikasema moyoni, aah, kumbe."

Msumari alifunga kidaftari, akatoka.

Saa sita na nusu alikuwa kwenye geti la bluu. Mkuu wa shule hakuwepo, amekwenda mkutanoni, mlinzi akasema, na mkutano wenyewe mlinzi alionekana hauamini. Msumari akapitiliza jikoni. Mpishi mkuu alikuwa juu ya kigoda, anakoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kama kasia. Mzee wa mvi, sauti ya tarumbeta.

"Karibu, Msumari! Leo umekuja kumpima nani?"

Wasaidizi wawili waliinamia mboga zao haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya Mashavu. Amekufa, tumesikia. Sasa hatanenepa tena, roho zenu zitulie."

"Nataka kujua alifanya kazi wapi alipotolewa stoo."

Mzee alishuka kwenye kigoda, akajifuta mikono kwenye aproni, akatangulia bila kusema. Walizunguka nyuma ya mabweni hadi kwenye ghala la zamani. Bati lilikuwa limeng'oka kona moja, na mvua za mwaka juzi ziliingia hapo zikalala. Mzee alisukuma mlango kwa mguu.

Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Harufu ya kaburi la mahindi. Magunia yamepasuka, nafaka imegandamana, ya kijani, nyeusi, nyingine imevaa manyoya meupe. Msumari alipoingia hatua tatu, vumbi la kijivu likainuka kutoka chini ya viatu vyake likabaki limening'inia kwenye mstari wa mwanga.

"Usivute pumzi sana," mzee alisema. "Hapa ndipo walipomleta. Apepete, achague, asogeze, yaliyooza ayatoe kwa koleo. Miezi mitatu. Barakoa ilikuwa leso yake ya pua."

"Peke yake?"

"Mimi nilimsaidia wiki mbili. Wanafunzi watukutu nao waliletwa kama adhabu, jioni jioni. Wote tulipiga chafya, tukakohoa siku mbili tatu, tukasahau. Yeye ndiye aliyeendelea kukohoa. Tukasema anajidekeza, anataka arudishwe stoo akale."

"Kuna dawa yoyote ya wadudu iliwekwa humu?"

"Dawa ingewekwa, haya si yasingeoza? Hapana, afande. Hakuna sumu. Kuna uozo tu."

Msumari alichota nafaka kidogo, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaandika tarehe. Alipoinuka akauliza lile ambalo lilikuwa linamkera tangu asubuhi. "Baada ya yeye kuondolewa stoo, sukari iliacha kupungua?"

Mpishi alicheka. Kicheko kibaya, hakina furaha hata tone.

"Miezi minane nimekaa nasubiri uje uniulize hilo. Sukari iliendelea kupungua vilevile. Mafuta vilevile. Mchele ndiyo ukazidi. Funguo za stoo ni mbili, Msumari. Moja ya mtunza stoo. Ya pili iko ofisini kwa mkuu wa shule. Wewe uliuliza habari ya ufunguo mmoja, ukamwona mwenye mashavu, ukaridhika."

"Mbona hukusema?"

"Nani angenisikiliza? Wote tulikuwa tumeshaona. Chakula kinapotea, na kuna mtu mmoja ananenepa. Hata mimi nilijumlisha. Hesabu ya chekechea."

Upepo uligonga bati lililong'oka. Msumari alikung'uta vumbi kwenye mkono wa shati, mara mbili, mara tatu.

"Nahitaji picha yake," alisema. "Yoyote, ya kabla ya wiki tatu hizi. Kitambulisho chake cha shule?"

"Kile cha miaka sita nyuma. Kwenye kile ni kijiti, hata mkewe angempita barabarani. Na tangu ameanza kuvimba alikuwa hataki kupigwa picha. Kwenye picha ya wafanyakazi alijificha nyuma yangu, ilionekana kofia tu." Mzee alimgeukia. "Lakini wewe unayo, afande."

Msumari alikaza fundo la mfuko wa nailoni.

"Umesahau? Ulimsimamisha kwenye mizani ya magunia pale stoo. Ukampima kama unga, wanafunzi wamejaa madirishani, wanahesabu kilo kwa sauti. Halafu ukampiga picha juu ya mizani. Ya mbele na ya ubavu."

"Sijasahau," alisema Msumari.

Faili lilikuwa kwenye kabati la chuma, droo ya tatu, chini ya kesi ya ng'ombe na kesi ya mlango wa kanisa. Saa tisa na dakika ishirini Msumari alilipata. Alikung'uta vumbi kwenye jalada. Picha mbili zilikuwa zimebanwa kwa pini kwenye ukurasa wa nne, tarehe imepigwa muhuri pembeni. Mtu amesimama juu ya mizani, mikono imening'inia, mashavu ya duara, tumbo limesukuma vifungo vya shati. Kwenye ile ya ubavu shati limepanda kidogo, na hapo kwenye nyonga, ukitazama kwa makini, mistari mitatu ya zambarau.

Miezi minane nyuma hakuitazama kwa makini.

Angeweza kuirudisha drooni. Hakuna ambaye angeiulizia ile picha isipokuwa mzee mmoja wa jikoni ambaye hajawahi kukanyaga kituoni. Dirishani, gari la mahabusu lilikuwa limeshaingia uani, dereva anapuliza tairi kwa pampu ya mkono. Msumari aling'oa pini, akaweka picha juu ya nakala ya rejista, akabeba faili zima kwapani.

Mkuu wa kituo alikuwa na kaka wa marehemu ofisini. Kaka mtu ni bonge la mtu kweli, mapaja na mikono na kila kitu, amevaa suti ya msiba, kitambaa mkononi.

"Afande, muda wetu umekwisha," alisema kabla Msumari hajaketi. "Huyo mwanamke apande gari. Mdogo wangu amelala kwenye bati, na muuaji anakunywa uji wa serikali."

"Kidonge cha kwanza kilitoka zahanati wiki tatu zilizopita. Hii hapa nakala ya rejista na saini ya tabibu," Msumari alisema. "Na hizi ni picha za miezi minane nyuma. Mashavu yapo. Tumbo lipo. Mistari uliyosema ni fimbo, hii hapa. Daktari amekuta uvimbe kwenye tezi juu ya figo, umekaa muda mrefu. Uvimbe ndio uliomnenepesha na kumwondolea kinga, kuvu likapata njia. Mkewe hana anachodaiwa hapa."

Mkuu wa kituo alizivuta picha, akavaa miwani. Halafu akavuta faili lenyewe. Alisoma kimya, midomo inacheza, mpaka akafika mahali akasoma kwa sauti.

"'Mtuhumiwa ana uzito wa kilo tisini na nne. Mashavu yamejaa na tumbo limetoka, tofauti na wafanyakazi wenzake wote. Hali hii ya shibe haiwezi kutokana na chakula cha nyumbani kwake. Ushahidi wa kumfikisha mahakamani hautoshi, ila napendekeza aondolewe stoo, apewe kazi ambayo haihusu chakula kinacholika.'" Alivua miwani. "Hii saini ni yako."

"Ni yangu."

"Wakampeleka wapi?"

"Kwenye ghala la mahindi yaliyooza. Hayaliki." Msumari aliweka mfuko wa nailoni mezani. Nafaka za kijani zikalala upande. "Miezi mitatu. Kuvu limejaa mle. Daktari atalilinganisha na lile la kwenye pafu."

"Unajua ukiiweka hii kwenye jalada la kesi, itasomwa na kila mtu? Mpaka juu?"

"Najua, mkuu."

"Na mkuu wa shule ana watu wake huko juu."

"Ana ufunguo wa pili wa stoo. Hilo nalo nimeliandika."

Kaka mtu alikuwa ameshika zile picha. Aliangalia ya ubavu, akairudia ya mbele. Kitambaa kilidondoka, hakukiokota.

"Mwaka jana nilimwomba sukari," alisema, sauti imeshuka. "Ya hafla ya mwanangu. Kilo tano tu, nikamwambia, wewe unalalia magunia. Akasema, kaka, siyo yangu. Nikamwambia, unakula peke yako mpaka mashavu yanapasuka, ndugu zako tunakutazama. Sijakanyaga kwake tangu siku ile, mpaka juzi." Alifuta uso kwa kiganja. "Sasa nani kamuua mdogo wangu?"

Mkuu wa kituo alivuta orodha ya gari la mahabusu, akafuta jina la mwanamke. Nje dereva alifunga boneti, pu!

"Rudisha watoto," Msumari alimwambia. "Na ufunguo wa kufuli jipya niachie mimi."

Kaka mtu aliutoa mfukoni, akauweka mezani pembeni ya mahindi.

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu, miguu peku kwa sababu viatu huachwa kaunta. Mwanamke mwembamba wa mabega mapana. Msumari aliingia na viatu vyake mkononi, akaviweka chini mbele yake, na ufunguo akauweka juu ya meza.

"Unaachiwa, mama. Watoto wataletwa nyumbani kabla ya magharibi. Kuna maelezo ya mwisho ya kusaini, nitayaandika hapa hapa, nikusomee."

Hakugusa viatu. "Alikufa na nini?"

Msumari akamweleza. Tezi, uvimbe, kotisoli, askari wanaolala, mahindi, kuvu. Alimweleza taratibu, kama alivyoelezwa yeye. Mjane alisikiliza bila kukatiza, macho kwenye midomo yake.

"Kwa hiyo alikuwa mgonjwa miaka yote hiyo."

"Ndiyo."

"Alikuwa ananiambia, mke wangu, njaa siisikii lakini mwili unajaa, nimelogwa nini? Akaacha kula jioni. Anatupa sisi. Anakunywa maji, analala. Asubuhi mashavu yapo palepale." Alicheka kidogo kwa pua. "Mtoto wetu mdogo aliwahi kupigana shuleni. Wamemwambia baba yako mwizi, angalia uso wake."

Msumari aliandika. Kalamu ilikuwa inakwaruza karatasi.

"Afande, wewe ulikuja kwangu ile siku," mjane alisema. "Wakati wa ile sukari."

"Nilikuja."

"Uliingia mpaka uvunguni. Ukatikisa magodoro. Ukaingia jikoni ukafunua sufuria zangu moja moja, watoto wanakuangalia. Ulikuwa unatafuta nini kwenye sufuria?"

"Mafuta. Mchele wa shule. Chochote cha stoo."

"Ukakuta nini?"

Msumari aliweka kalamu chini. "Maharage," alisema.

"Ya nini?"

"Ya maji na chumvi. Yalikuwa hayana mafuta."

"Mengi?"

"Hapana. Ya watu wawili. Watoto wawili."

"Uliandika?"

Koridoni askari wa zamu aliita kwa sauti majina ya wanaopanda gari. Majina manne. La kwake halikuitwa.

"Nakuuliza, Msumari. Kwenye lile faili lako, uliandika kwamba ulifunua sufuria ya mtu aliyeshiba ukakuta maharage ya maji na chumvi ya watoto wawili?"

"Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Niliona hayasaidii kesi."

Mjane alivuta viatu vyake, akavaa kimoja, akavaa cha pili, akafunga vizuri kamba. Halafu akachukua kalamu pale ilipolala, akamrudishia mkononi.

"Andika sasa," alisema. "Nikiona umeandika, ndiyo nasaini."

Msumari aligeuza ukurasa mpya. Akaandika tarehe ya ile siku, siyo ya leo. Mjane akasimama nyuma ya bega lake, anasoma herufi moja moja kadiri zinavyotoka.